Neno Nisiloweza Kulitamka Mbele ya Mama

Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile katika kliniki ya Kisii mjini zilinipanda kwa neno moja: paja. Daktari alilitamka mbele ya mama yangu kana kwamba anataja sukari. Mama akainamisha uso, nami nikageukia dirishani. Kwetu Wakisii kuna chinsoni, heshima inayomkataza mtoto kutaja au kuona kilicho chini ya nguo za mzazi. Nina mvi kichwani na bado inanibana.

Shida yenyewe haikuwa pajani. Mama alipigwa picha kwa sababu ya maumivu ya kichwa, wakakuta mshipa mmoja wa ubongo umetuna na kufanya kifuko kidogo, kama punje ya mahindi. Kilikuwa hakijapasuka, kikipasuka, daktari alisema, tunaweza kumzika. Angepitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, aupandishe hadi kichwani, kisha akijaze kile kifuko nyuzi laini za platini. Hujikunja humo ndani kama uzi wa kufumia sweta, damu ikakosa pa kuingia. Fuvu halifunguliwi.

Nilidhani mama atashukuru. Wapi! Tulipofika nyumbani Nyansiongo akasema, "Wanifungue kichwa. Baba yangu alifunguliwa fuvu na fundi wa jadi wa kijijini, akapona, akalima. Lakini huyu daktari ni wa rika lako, basi ni kama mwanangu. Hawezi kunifunua. Heri nife na nguo zangu."

Nilifoka, nikapiga meza. Nilitaka kumweleza kwamba wauguzi watamfunika shuka, kwamba ni tundu dogo tu, lakini kila sentensi ilifika kwenye neno lile nikakwama. Nikatoka kuwakatia ng'ombe nyasi, nao walikuwa wameshashiba. Niliogopa sana. Mama yangu angekufa, na mimi mwanawe nimeshindwa kusema.

Tuliporudi kliniki kumpa daktari jibu, nilibaki mlangoni. Mama alimwuliza daktari kwao ni wapi. Mosocho. Ukoo gani? Babu yake alikuwa nani? Alimhoji kama mtu aliyekuja kuposa, na daktari akajibu yote bila kuangalia saa. Mama akahesabu vizazi kwa vidole, mara uso ukamfunguka.

"Babu yako na mimi ni ndugu wa ukoo mmoja. Basi wewe ni mjukuu wangu."

Na mjukuu hana chinsoni kwa nyanya yake, hutaniana watakavyo, hata kuitana mume na mke.

"Si ungesema mapema," akamlaumu. "Saa hizi ungekuwa umeshamaliza."

Siku ya matibabu, Nairobi, ambako daktari yule hufanyia kazi hiyo, nilikaa nje kwa sababu mimi ni mwana. Daktari alitoka akaniambia nyuzi zimekaa vizuri na kifuko kimeziba, ila hatajua ubongo uko salama mpaka mama aamke na kuongea. Akarudi ndani. Mlango haukufungwa sawasawa, nikamsikia akiita.

"Nyanya, unanijua? Mimi ni nani?"

Nikainuka kitini, nikasogea mlangoni.

"Nyanya?"

"Wewe ni mume wangu," mama akasema, sauti imekauka lakini kila neno liko mahali pake. "Na tangu asubuhi hujaniletea hata chai."

Wauguzi wakaangua kicheko. Mimi nikalia pale pale mlangoni, kwa sauti, wala sikujali nani ananiona.