Upepo wa Watu Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa pampu ya mkono na geji, kile kipimo cha upepo, nipime matairi ya pikipiki za karakana ya afya, Temeke. Enzi za Mwingereza hizo. Nikapima mchana, jua linawaka. Fundi Mkuu, Kalasinga mmoja mrefu, akanicheka. "Tairi la moto linadanganya. Pima asubuhi, likiwa baridi."

Bwana yule alikuwa mkali, jamani! Lakini kufundisha alijua. Alituambia kila siku kwamba upepo wa mtu mmoja si upepo wa watu wawili. Uzito wa abiria karibu wote hukaa nyuma, kwa hiyo tairi la nyuma unaliongeza ratili saba au nane, la mbele unaligusa kidogo tu. Usipoongeza, ubavu wa tairi unapinda, tyubu inabanwa na ringi, inapasuka. Hapo mmeshaanguka.

Baadaye nikahamishiwa zahanati, kumwendesha Bibi Mkunga. Alikuwa na mwili wake, mashallah, wala hakuona haya. "Jaza, mwanangu," alikuwa akiniambia, "mie si karatasi." Nilimpenda mama yule. Hajawahi kuitwa kwa mzazi akasema amechoka.

Masika moja tuliitwa Chamazi. Tulipofika mtoto alishazaliwa, mzima, analia. Mama yake ndiye aliyekuwa hatarini. Kondo la nyuma limegoma kutoka, damu inamwagika. Bibi Mkunga akahangaika naye, kisha akanitazama. "Hospitali, sasa hivi. Naye hawezi kukaa peke yake, lazima nimshike."

Watu watatu! Nyie siku hizi mnaita mishikaki, mnaona mchezo. Kwetu ilikuwa marufuku, nami nilijua kwa nini. Lakini gari la wagonjwa lilikuwa limezama njiani, hakuna lingine. Mtoto tukamwachia bibi yake. Njia yote ya mwanzo ilikuwa mchanga, na tairi gumu kwenye mchanga linachimba. Basi nikatoa upepo, tukaenda polepole, mume wa yule mama akitusukuma kwa nyuma.

Mchanga ukaisha, barabara ngumu ikaanza. Nikasimamisha, nikachomoa pampu.

"Unafanya nini?" Bibi Mkunga akafoka. "Damu haingoji pampu!"

"Mama, kwa uzito huu tairi litapasuka mbele huko. Likipasuka, tunamzika njiani."

Nikajaza. Tairi halikuandikiwa watu watatu, kwa hiyo nililisukumia upepo kuliko nilivyowahi kuthubutu. Nguvu za mikono zikaniishia. Yule mgonjwa alikuwa ameegemea kifua cha mkunga, midomo imekuwa myeupe. Bibi Mkunga akamwambia mume, "Mshike mkeo." Akajifunga kanga kiunoni, akaninyang'anya pampu, akaikandamiza kwa mwili wake wote huku akisema, "Ya Rabi, ya Rabi." Wallahi, sijaona mwanamke kama yule. Geji ilipofika pale nilipotaka tukaondoka, mume kabaki barabarani amejishika kichwa.

Hospitali wakampokea mbio. Mie nikaipeleka pikipiki karakana ikaguliwe. Fundi Mkuu akaligusa tairi, akaona lilivyo gumu, akajua.

"Umepakia watatu?"

"Ndiyo, bwana. Mie, mkunga na mzazi. Mtoto tumemwacha kwa bibi yake."

Nikasubiri kufukuzwa. Akauliza tu, "Mama yule je?"

"Wamemwahi. Daktari kasema atapona, ila leo analazwa."

"Na mtoto ananyonya nini?"

Yule bwana mkubwa, ambaye sikuwahi kumwona ameshika geji, akapiga magoti kwenye tope na kilemba chake, akalipunguza tairi upepo na kulipima mwenyewe. "Nimeweka wa watu wawili," akasema. "Mtoto mchanga haongezi uzito. Mchukue mkunga, kamlete."

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nikastaafia Kinondoni nikiwa fundi mkuu mie mwenyewe. Vijana wa bodaboda nikiwaambia wapime upepo kabla ya kumpakia mtu, wananiambia, "Shikamoo, babu," halafu wanatia moto. Wapime, tafadhali. Anayepanda nyuma haoni barabara, anakuamini wewe.

Siku ile, magharibi, tuliingia uwanja wa hospitali, mtoto kafungwa kifuani kwa mkunga, analia kwa njaa. Dirisha la wodi lilikuwa wazi. Kabla sijazima injini nikamsikia mama yake akiita, "Mleteni!"