Vifuniko Viwili vya Msimamizi

Msimamizi wa barabara aliyenifukuza kule Keza, akawatangazia madereva kwamba nimeiba kidude cha mawasiliano cha ekskaveta, ndiye aliyenipigia simu. Greda lake lilikuwa limegoma Runazi.

"Fundi wangu, za siku?"

"Nzuri, bosi. Leo mnahitaji mwizi?"

Nilikwenda. Sikuwa na haraka ya ujira. Nilitaka kumwona uso.

Kioo cha maonyo ndani ya greda kilidai kompyuta ya injini haisikiki. Nikazima umeme, nikapima nyaya mbili za mawasiliano. Mita ilipaswa kusoma ukinzani wa omu sitini, ikasoma mia na ishirini. Nikapima tena, maana siamini kitu mara moja. Nyaya hizo hufungwa kidude kila mwisho, na kimoja hakikuwepo. Kule nyuma nikakuta soketi imevalishwa mfuko wa plastiki.

"Nani kakitoa?"

Opereta akamtazama bosi wake. Msimamizi akaenda kwenye pikapu, akarudi amefumba mkono.

"Nilidhani ni kifuniko tu. Hukitoa tukiosha mtambo, kisipotee."

Akafumbua. Vilikuwa viwili.

"Na hiki cha pili?"

"Cha Keza," akasema, akitazama viatu vyake.

Nikavichukua vyote. "Waite madereva. Waambie nani mwizi."

Walipokusanyika, akanong'ona kwamba si mimi.

"Sauti, bosi. Keza ulisikika hadi ng'ambo ya bonde."

Akasema kwa sauti. Opereta akakohoa kuficha kicheko. Nikarudisha kidude, mita ikasoma sitini. Ningeweza kuliwasha greda palepale, lakini nikapima tena, polepole, yeye akiwa bado amesimama juani mbele yao.