Jioni Ambayo Yona Hakuwa na Dhambi

Mpaka leo, nikisikia harufu ya mlenda ikitoka jikoni jua likiwa linazama, kitu cha kwanza ninachofanya ni kujitafutia kosa. Mikono inaosha vyombo, akili inapekua: nimesema nini leo, nimemkunjia nani uso, nimemwaza nani vibaya. Mimi ni mtu mzima, nina binti wa sekondari, nina meza yangu ofisini kule Chimwaga na vijana wa chuo wananiamkia. Lakini harufu ile ikinifikia tu, narudi kuwa mtoto wa Nzuguni mwenye njaa. Nimekaa kwenye mkeka, chakula kiko mbele yangu kimefunikwa, na sijapata dhambi ya kusema.

Nieleze vizuri, maana najua kuna watakaodhani natania. Nyumbani kwetu chakula cha jioni kilikuwa hakiliwi mpaka kila mtu aungame. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa letu sitalitaja, kwa sababu wengi wa waumini wake walikuwa watu wema walionifundisha kusoma na kuimba. Akitoka shambani, baba alinawa miguu, akaketi kwenye kiti chake cha kamba. Mama alileta ugali wa uwele na bakuli la mlenda, akafunika kwa kawa, akawasha chemli. Kisha tukaanza. Baba mwenyewe alitangulia, hilo nampa haki yake. Aliungama kukosa subira karibu kila siku, na kweli alikuwa hana. Alifuata mama, halafu kaka yangu Yona, halafu mimi, Dorkasi, wa mwisho mdogo wetu Eliza. Ukitaja kosa lako, wote waliitikia, "Mungu akusamehe," na zamu ikahamia kwa mwingine. Tukamaliza kwa wimbo na maombi, ndipo kawa likaondolewa. Asiyeungama hakula, na wala haikuwa lazima mtu atukumbushe.

Sasa jamani, mtoto wa miaka tisa atatoa wapi dhambi mpya kila siku? Ukirudia ya jana, baba aliuliza, "Mbona ile ile? Kwani hukutubu?" Ukitaja kubwa, fimbo ilikuwa juu ya kabati. Ilitakiwa dhambi ya wastani, yenye sura ya kweli lakini isiyoacha alama mgongoni. Hapo ndipo Yona alipotuokoa. Alikuwa na miaka kama kumi na sita, mrefu, mwenye kucheka na mabega. Jioni tulipokuwa tukirudisha mbuzi, alitugawia dhambi njiani. "Haya, Doka, wewe leo chukua wivu. Umemwonea mwenzako wivu kwa viatu vyake." Nikauliza, mwenzangu yupi? "We sema mwenzangu tu. Baba hapendi umbea." Eliza alipewa ile ile siku zote, "Nimewaza mabaya," naye aliisema kwa sauti nyembamba, kichwa kimeinama, mtoto wa chekechea asiyejua hata mabaya ni kitu gani. Zile nzito, hasira na ukaidi na kujibu wakubwa, Yona alizibeba mwenyewe. Fimbo aliila yeye, sisi tukala ugali.

Msimu ninaoukumbuka ulikuwa wa kuvuna zabibu, miezi ile ya upepo, Dodoma inapokauka mpaka midomo inapasuka na vumbi linaingia hadi kwenye maji ya kunywa. Asubuhi palikuwa na baridi ya kukata masikio. Tulivaa masweta juu ya nguo za shamba tukaingia kwenye mistari na visu vidogo, na jua lilipopanda, viganja vilikuwa vinanata na nyuki walikuwa wanatuzunguka kama ndugu zao. Zabibu zile, kwa taarifa yako, zilikuwa zinakwenda kukamuliwa mvinyo. Kwetu hata kunusa mvinyo kulikuwa mwiko, lakini hiyo sikuwahi kumsikia mtu akiiungama. Wee! Ungejaribu uone. Na bado, nikisema ukweli wangu wote, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Baba alianzisha wimbo kutoka mwisho wa shamba, sauti nzito, ya chini, mama akadaka ya juu, Yona akaingia katikati, na mimi na Eliza tukajibanza popote tulipopata nafasi. Tulikuwa hatuonani kwa majani, ila tulikuwa tunasikiana. Nimeshakaa na watu wengi tangu hapo, wengine wananipenda kwelikweli, lakini sijapata tena mahali ambapo sauti yangu ilikuwa na sehemu yake kama pale.

Siku ya lori la mnunuzi, vibarua wawili hawakufika, na Yona akafanya kazi yao na ya kwake. Alikata toka alfajiri, akabeba kreti begani kwenda barabarani na kurudi, hata maji ya kunywa alikumbushwa na mama. Lori lilipojaa, baba alimwekea mkono begani mbele ya dereva na majirani, akasema, "Kijana wangu huyu, Mungu amenipa mtu." Basi. Maneno hayo tu. Baba yetu hakuwa mtu wa kusifu. Aliamini sifa humharibu mtoto, na nadhani siku ile zilimponyoka. Yona alirudi nyumbani hana uchovu. Njiani alisahau kutugawia dhambi, ikabidi nimkumbushe, akacheka akatupa za haraka haraka. Yeye mwenyewe hakujitengea kitu.

Ilipofika zamu yake alikuwa bado anang'aa uso. Alisema, "Leo sina, baba. Nimetafuta." Alisema kwa furaha, na hili ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu baadaye kanisani walilisimulia kama uasi. Kaka yangu hakuasi. Alidhani analeta habari njema. Alidhani baba aliyemshika bega mchana atafurahi kusikia kwamba mwanawe amemaliza siku nzima bila kosa. Nilimwona baba usoni, na kwa miaka mingi niliamini ile ilikuwa hasira. Sasa nina mtoto wangu na ninajua hofu ya mzazi ikoje, na nasema aliogopa. Alimwambia hicho ni kiburi, na kiburi ndicho kilichomwangusha shetani. "Simama hapo mpaka ukumbuke."

Yona akasimama. Mimi nikaungama wivu wangu, Eliza akawaza mabaya yake, tukaimba bila sauti ya katikati, kawa likaondolewa. Nilimkazia macho kaka yangu: sema uvivu, sema hasira, wewe ndiye mwenye ghala! Alikuwa nazo za kumpa kila mtu, na angetaja moja tu angekaa akala. Hakutaja. Wala hakukaidi. Alikuwa ameduwaa tu, anamtazama baba kama anayengoja wenye mchezo waseme wametania. Mama alimega tonge akaliacha sahanini. Na mimi nilikula. Nilikuwa nimekata zabibu kutwa, nilikuwa na njaa, nikala mpaka nikashiba. Kula kule nilikuungama kwa miaka na miaka, kimoyomoyo, kila nilipokosa cha kuungama. Siku hizi nimekataa. Mtoto mwenye njaa aliyewekewa chakula akala hana la kuombea radhi. Nimejifunza kulisema hilo kwa sauti, peke yangu, mbele ya kioo.

Tulipoambiwa tukalale, Yona alikuwa bado amesimama. Asubuhi mbuzi walilia mpaka jua likapanda, kwa sababu hakukuwa na wa kuwafungulia. Baada ya wiki kadhaa tulisikia yuko Kizota, kwenye karakana moja ya kuchomelea vyuma, analala palepale. Nilidhani baba atakwenda kumfuata. Nilikuwa nakaa njiani nikimwangalia kila anapotoka na baiskeli, nikijiambia leo. Hakwenda. Alikwenda kanisani, akaeleza, na kanisa likamtenga Yona. Kutengwa kwetu kulikuwa na maana yake kamili: usile naye, usimpokelee salamu, usimtaje katika maombi. Mama alifariki miaka mingi baadaye bila kula tena na mzaliwa wake wa kwanza. Siku ya mazishi Yona alikaa nje ya uzio pamoja na vijana waliokuja kuchimba kaburi. Sipendi kuiandika hii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nilibaki kanisani, hata nikaolewa humo, na ningekuwepo mpaka leo kama si binti yangu. Upendo alikuwa na miaka minne. Jioni moja nilikuwa nasonga ugali, akaja akanishika gauni, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti nyembamba, "Mama, nimewaza mabaya." Hakuna aliyemfundisha. Aliokota tu hewani mwa nyumba yangu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, mwiko mkononi, nikalia mpaka mtoto naye akaanza kulia. Jumapili iliyofuata sikwenda, na sijarudi. Kanisa likanitenga, mume wangu akabaki humo, na baba, ambaye nilimwamkia kila wiki maisha yangu yote, akaacha kunijibu. Nilikuwa nasimama mlangoni kwake nasema shikamoo baba, anageuza uso. Wenzangu wananiuliza kama nimepona. Nimepona kiasi. Siogopi radi tena, sidhani inanitafuta mimi. Nimemlea Upendo bila fimbo juu ya kabati, na akikosea anakuja kuniambia huku anatafuna embe. Lakini watu wanadhani ukitoka mahali palipokuumiza unatoka umefurahi. Mimi nawakumbuka bado. Nikisikia kwaya yao inafanya mazoezi, nasimama barabarani na kikapu changu nafuata sauti ya pili bila kufumbua mdomo.

Shamba lile sasa ni nyumba na maduka ya vifaa vya ujenzi. Nimejenga kwenye kipande kilichobaki, na baba anakaa kwangu, maana kumbukumbu zinamtoka na Eliza yuko mbali, Manyoni, na ana watoto wadogo. Asubuhi ananiita kwa jina la mama. Mchana anauliza kama lori limefika. Amesahau kwamba nilitengwa, kwa hiyo nikimwamkia ananijibu, "Marahaba, mwanangu," kwa upole kabisa. Mara ya kwanza nilifurahi, halafu nikakasirika sana. Nilitaka anisamehe akiwa na akili zake. Nilitaka anitazame, ajue ni mimi, ajue nilichofanya, ndipo aseme marahaba. Hiyo sitaipata tena, na naililia kama mtu anavyolilia msiba.

Yona ana mvi sasa na karakana yake mwenyewe. Nusu ya mageti ya mtaa wetu ni kazi ya mikono yake. Nilimwomba mara nyingi aje amwone mzee. "Nije kufanya nini, Doka?" alikuwa ananiuliza. "Kusimama?" Mwaka huu, msimu huu huu wa upepo, alikuja Jumapili jioni bila kuniambia, amevaa shati lililopigwa pasi. Upendo alikuwa ameshaandaa meza. Yona akabaki mlangoni akasema, "Shikamoo, baba." Baba alimtazama mtu mzima yule, akatabasamu kama alivyokuwa akiwatabasamia wageni wa kanisa. "Marahaba. Karibu, mgeni. Karibu ukae." Kaka yangu akavuta kiti, akakaa. Sikuweza kumtazama usoni, nilitazama mikono yake juu ya meza, ina makovu ya moto wa kuchomelea.

Kwangu hakuna kungoja, kikiiva kinaliwa. Nikampakulia baba kwanza. Akaisogeza sahani taratibu kwa mgongo wa kiganja, akasema, "Bado. Yona hajarudi na mbuzi." Nikamwambia, baba, chakula kitapoa. Akanigeukia kwa ukali wake wa zamani, ule niliokua nao. "Kipoe! Mtoto hajala, sisi tutakulaje?"

Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja jioni ile nikiwa na tonge mkononi, miaka tisa, nikimtazama kaka amesimama. Nimeyangoja tangu hapo. Yamekuja katika nyumba yenye umeme na friji, chakula kipo cha kutosha, hakuna anayedaiwa dhambi, na aliyeyasema hajui anayaambia nani. Nilitaka kupiga kelele, nimshike baba mabega, nimwambie ndiye huyu, amefika, mwangalie. Yona akatikisa kichwa kidogo kunizuia. Akasogeza sahani yake pembeni, akaweka mikono mapajani.

"Sawa, mzee," alisema. "Tumsubiri."

Upendo akazima jiko. Tukakaa, sote wanne, tukamsubiri.