Udi wa Mama Jasib

Sisi wa kijiji hiki nje ya Basra tunalala na mioto ya visima vya mafuta dirishani, na nguo zetu hunuka gesi hata zikitoka kuanuliwa. Mama Jasib hakuikubali aibu hiyo. Ukipiga hodi kwake, hujakaa vizuri umeshafukizwa udi mpaka ndani ya nguo.

Mjukuu wake alipoanza kubanwa na kifua tulikwenda kulalamika, na kampuni ikatuambia tulete ushahidi. Ndipo Ustadh Muntadhar wa chuo kikuu alipotundika vijibomba kwenye mapaa yetu. Havina pampu wala umeme. Hewa huingia yenyewe polepole, gesi inanaswa na mkaa uliomo ndani, kisha huzibwa na kupelekwa maabara. Tuliyemtegemea zaidi ni Mama Jasib, maana paa lake ndilo lililo karibu na moto. Ustadh alitukataza sigara na kuchoma taka. Udi hakuutaja, na nani angeufikiria?

Siku ya majibu tulijaa sebuleni kwake. Ustadh akauliza kwa upole kama kuna aliyefukiza kitu juu ya paa.

Mama Jasib aliinamisha kichwa. "Kila magharibi, mwanangu. Kijibomba kile nacho ni mgeni. Niliona kitakwenda kusema mjini kwamba nyumba yangu inanuka."

"Basi umewaosha uso wanaotuua," mzee Lafta akamwambia.

Ustadh alieleza kwamba moshi wa udi nao una gesi ileile aliyokuwa akiitafuta, kwa hiyo kipimo kile hakifai tena; kampuni itasema ni udi tu. Mama Jasib alijifunika uso kwa baibui. Mimi, niliyekula kwake miaka yote, nilimkasirikia hata nisiweze kumtazama, na leo hasira ile inanitia haya.

Kikatundikwa kingine, na mara hii akaambiwa udi usiwashwe nyumba nzima. Kabla hakijateremshwa, wakaja wanawake wa mjini kumposa binti yake Widad. Upepo ulikuwa unatuletea moshi wote wa visima. Nilikuwa jikoni nikipanga biskuti za tende, chetezo kiko mbele yangu, na nilitamani kukiwasha mwenyewe.

Nilipoingia na sinia, mgeni mmoja alijiziba pua kwa ncha ya mtandio. Widad akamtazama mama yake, machozi yanamlenga. Mama Jasib akamimina chai.

"Karibuni," akasema. "Hivi ndivyo tunavyonuka."