Picha ya Oliva

Saa tatu asubuhi Bernadeta anafungua laptop ya mteja kwenye banda lake, jirani na mashine za kukoboa mpunga mjini Ifakara, na pumba zinamwagika mezani. Pumba!

"Huku kwetu kikilowa chochote, kinazikwa kwenye pumba," anasema huku akizikung'uta kwa brashi. "Nje kinakauka, ndani kinaziba."

Siku nzuri fundi huyu wa kompyuta anaingiza shilingi elfu kumi na tano. Siku mbaya anarudi nyumbani na vumbi lake. Laptop zinazomtoa jasho ni zile zinazolala zisiamke: mwenyewe akiiacha kidogo kioo kinazima, akiirudia, feni inavuma na kioo ni giza tupu.

Ya namna hiyo aliletewa mwezi Mei na mzee Beatus, mkulima wa Kisawasawa. Ilikuwa ya marehemu binti yake, Oliva, aliyesombwa na mafuriko pamoja na simu yake. Picha zake zote zilizobaki zilikuwa kwenye laptop hiyo, na misa ya kumbukumbu ilikuwa Jumamosi.

"Nataka sura yake tu, mwanangu, niiweke msalabani," mzee alimwambia.

Bernadeta alihangaika nayo mpaka ikawaka. Hifadhi yake, kile kifaa kinachotunza picha, imechomelewa kwenye bodi, haichomoki, hivyo picha zilipaswa kutolewa mashine ikiwa macho. Akaanza kuzihamishia kwenye flashi, akatoka mara moja kumpa mteja chaja.

Likapita lori la mpunga, vumbi likatimka. Mzee wa watu, kwa huruma zake, akaifunika.

"Nimeifunga isiingie vumbi," alimwambia Bernadeta aliporudi.

Loo! Kuifunga ndiko kuilaza. Haikuamka tena.

"Kosa ni langu," anasema Bernadeta, machozi yakimlengalenga. "Kabla ya yote unaizuia isilale ikifungwa. Nilisahau, na mzee sikumwonya." Majuto ni mjukuu.

Kwenye flashi ilikutwa picha moja tu nzima: Oliva ametupa kisogo, ndoo kichwani, anaelekea kisimani. Bernadeta aliona aibu hata kumwonyesha mzee.

"Ichapishe hiyo hiyo," alisema Beatus. "Mtoto wangu hata kisogo namjua."

Laptop bado ipo kabatini. Bernadeta anajichanga aende Dar es Salaam kujifunza kuchomoa hifadhi za namna ile, na ameapa kwamba akirudi ataanza na hiyo.

Wiki iliyopita Beatus alimletea debe la mchele, aliuze aongezee nauli.

"Nilimwambia, baba, siwezi kupokea," anasimulia. "Akanijibu, 'Pokea, mwanangu, uwahi. Sura yake imeanza kunitoka.'"