Haboba Auliza Nani Alisema

Kisa hiki alinisimulia kwanza shangazi yangu wa Koboko, siku ya Idi mwaka juzi. Haboba, yaani bibi yetu, alikuwa ameacha dawa ya presha kwa sababu ya ujumbe wa simu uliosema vidonge vinaozesha figo. Akawa anachemsha majani. Binamu yangu anayesomea uuguzi Arua akawapeleka Haboba na shangazi kwenye maktaba ya chuo.

Mkutubi alifungua utafiti kwenye kompyuta, akasema dawa hiyo hulinda figo. Haboba hakutazama kioo.

"Nani alisema?"

Swali hilo tulilijua tangu utotoni. Ukimletea habari za babu, anainua kidole: nani alikuambia, yeye alikuwako, nani mwingine bado hai wa kuulizwa? Ukikosa jibu, unarudi jikoni na habari yako.

"Majina yao iko hapa, Mama," alisema mkutubi. "Walipima wagonjwa wenyewe. Wengine wakapima tena, kuona kama iko kweli."

Haboba akamgeukia binamu. "Na ile ya simu, nani alisema?"

"Haina jina, Haboba. Watu wanatuma tu."

"Basi leta hiyo dawa. Na maji."

Nyumbani kwetu kulikuwa na maktaba kali kuliko ya chuo, nasi tulidhani ni ukali wa bibi tu.

Nawe ukiniuliza nani alisema: Haboba yuko hai, binamu na mkutubi pia. Shangazi aliyenisimulia tulimzika Ludara, Ramadhani iliyopita.