Picha Iliyoandikwa Jina la Kaka

Hospitalini walimwita Zima-Washa, na wala hakuwa na kinyongo. Mashine yoyote ikigoma, dawa yake ya kwanza ilikuwa hiyo: zima, subiri kidogo, washa. Mara nyingi ilipona, watu wakaendelea na kazi zao. Fundi wa kompyuta alikuwa yeye peke yake, na kusema kweli alijitahidi.

Lakini kompyuta ya chumba cha eksirei ilimtoa jasho. Tangu ifungwe kadi mpya ya kupokelea picha, ilikuwa inaganda katikati ya kazi na kuandika kwamba kuna kosa la ugawaji wa memori. Akabadilisha memori. Ikaganda. Akaipima hiyo mpya, nzima kabisa. Sasa ukishabadilisha kizima kwa kizima na ugonjwa uko palepale, si uulize jirani? Akaanza kuchomoa kifaa kimoja kimoja, printa kwanza, mwisho ile kadi. Ilipotoka kadi, kompyuta ikatulia tuli.

Kadi yenyewe haikuwa na kosa. Mbovu ilikuwa programu ndogo iliyokuja nayo, ya kuiendesha. Kila kifaa hugawiwa sehemu yake ya memori, kama wapangaji wa nyumba moja, kila mtu na chumba chake. Programu hii ilikuwa inaingia vyumba vya wenzake na kuvuruga vitu. Akaiondoa, akaweka toleo lililorekebishwa, akairudisha kadi. Mashine ikapiga kazi asubuhi nzima bila kugoma.

“Leo nakununulia soda,” mpiga picha, mama mmoja mcheshi, akamwambia, akamwekea chupa mezani. “Tulichoka kuzima na kuwasha. Afadhali tu picha ilikuwa inarudi yenyewe.”

“Inarudi vipi?”

“Ukishawasha unaikuta pale. Tunaihifadhi, mgonjwa anaondoka.”

Zima-Washa akageukia tena ile kompyuta. Memori ikizimwa haibaki na kitu. Kompyuta ile ikiwaka hufungua picha ya mwisho iliyohifadhiwa. Kwa hiyo waliyoikuta ilikuwa ya mgonjwa aliyetangulia, nao wakaiandika jina la huyu aliyesimama mbele yao.

Na mmoja wa waliosimama pale Zima-Washa alimjua vizuri. Kaka yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi walipofariki, alikuwa amekuja wiki kadhaa nyuma na kikohozi kisichoisha. Mashine ilipoganda, Zima-Washa mwenyewe aliitwa, akaiwasha, akafurahi kwamba kaka hatapanga foleni tena. Daktari akasema mapafu safi. Wakampa dawa ya kikohozi, akarudi nyumbani.

Soda ilibaki mezani. Alimweleza daktari mkuu kila kitu palepale, kisha akaenda kumchukua kaka, njiani akamsimulia. Picha mpya ilionyesha doa kwenye pafu la kulia, kubwa kiasi kwamba hata yeye asiye daktari aliliona. Daktari hakuficha: lingeonekana mapema, matibabu yangekuwa mepesi zaidi.

Zima-Washa alishindwa kumtazama kaka usoni.

“Nisamehe, kaka. Niliiwasha mimi.”

Kaka alikuwa anafunga vifungo vya shati, taratibu. “Wengine mmeshawaita?”

“Ndiyo kwanza wanatafutwa.”

“Sasa unasimama hapa unanililia mimi? Mimi si nimeshapatikana? Nenda ukawatafute wenzangu.”